Tafakuri ya siku ya 17: Fungu la asiyekuwepo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wa jamaa ya Milepa, na nyote mnaotusoma mkiwa Sumbawanga mjini, Laela, Muze na kwingineko. Alhamdulillah, tumeifikia siku ya 17. Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko kawaida yetu, nawaomba mnivumilie. Asiyeweza kuimaliza sasa aisome baada ya Alasiri, jua likipoa.

Jana baada ya tarawehe kamati yetu ilikaa kupanga mgao wa vyakula vya futari. Mnajua tumeletewa mchele, sukari, tende na mafuta, na majina ni mengi kuliko mafungu. Mabishano yakawa makubwa kidogo. Mzee wetu mmoja akauliza: na zile familia zilizohamia vibandani kulinda mpunga, ambazo hatujaziona msikitini tangu mwezi uandame, zimeandikwa? Kijana mmoja akamjibu kwa utani: "Mzee wangu, asiyekuwepo na lake halipo." Watu wakacheka. Na mimi imamu wenu nikacheka.

Nilipokuwa narudi nyumbani na tochi yangu, kicheko kile kikanigeukia. Kuna jambo langu la zamani kilinikumbusha, nami leo nitalisema. Lakini kwanza tuanze na Badri, maana leo ni siku yake.

*Baada ya vita*

Kila mwaka siku kama ya leo nawasimulia habari za masahaba 313, silaha zao chache na nusura ya Mwenyezi Mungu. Leo naomba tuanzie pale ambapo mapigano yamekwisha na vumbi limetulia. Mbele ya Waislamu kuna mali: ngamia, nguo, silaha. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Waliowafukuza maadui walisema sisi ndio tumeshinda. Waliokusanya mali walisema sisi ndio tumeikusanya. Waliobaki kumlinda Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, walisema sisi hatukuogopa vita, tulikuwa tunamlinda yeye. Wote walikuwa watu wa Badri, watu bora kabisa, na bado mali iliwatia maneno. Suratul Anfal inafunguka na swali lao hilo. Mwenyezi Mungu akaiondoa mali ile mikononi mwao, akairejesha kwake na kwa Mtume wake, kisha ikagawanywa baina yao kwa usawa.

Sasa sikilizeni hili, ambalo huwa tunalipita haraka. Sayyidna Uthman bin Affan hakuwepo Badri. Hakutoroka. Alibaki Madina akimuuguza mkewe, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume, aliyekuwa hoi kitandani na akafariki katika siku hizo hizo. Mali ilipogawanywa, Mtume alimtolea Uthman fungu lake kama mtu aliyehudhuria, na akamhesabia ujira wake pia.

Fikirini jamani. Jeshi lina njaa, mali ni kidogo, kila mtu ana jeraha la kuonyesha, na linatolewa fungu la mtu aliyekuwa nyumbani kwake akimpepea mgonjwa. Kwa methali yetu ya jana, Uthman asingepata kitu.

*Hela za korona*

Sasa twende kwenye jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu. Wengi mnayakumbuka madarasa ya UVIKO. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25 kwa Tanzania, kama shilingi trilioni 1.3 kwa pesa yetu. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua pale Dodoma mpango wenye jina refu: Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Hela zikagawanywa kwenye afya, elimu, maji, utalii, kaya maskini kupitia TASAF, na wamachinga. Zanzibar nayo ikapata fungu lake.

Kwenye elimu yalipangwa madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Pigeni hesabu, ni bilioni 300. Agizo lilikuwa yakamilike kabla shule hazijafunguliwa Januari 2022, ili watoto wote waliofaulu darasa la saba waingie kidato cha kwanza kwa pamoja, asiwepo wa kusubiri chaguo la pili. Ujenzi ulifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inapokea fedha, mafundi wanatoka hapa hapa, na wananchi wanaunda kamati. Kuna kamati ya manunuzi, ya ujenzi na ya mapokezi. Hela ya dunia, iliyosainiwa mbali huko, inaishia kwenye daftari linaloshikwa na mwanakijiji.

Wakati ule watu waliuliza: hela ya maradhi inajengaje darasa? Kwa nini isiwe barakoa na dawa tu? Swali zuri. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye afya kweli. Lakini mimi nimesomea ualimu, na nimesimama mbele ya watoto wanne kwenye dawati la wawili, na wengine chini. Mwambie mwalimu huyo awatenganishe watoto mita moja moja! Janga linapoingia halileti udhaifu wote kutoka nje. Mwingine lilikuta upo siku nyingi, likatuonyesha tu. Kuziba ufa ulioonyeshwa na janga ni sehemu ya kupambana nalo.

Swali gumu zaidi ni la mgao wenyewe. Ugawe sawa kwa kila mkoa, au umpe zaidi mwenye shida zaidi? Usidhani hili ni swali la wataalamu wa Dodoma peke yao. Marekani mwaka 2021 serikali yao kuu ilitenga dola bilioni 350 kwa majimbo, miji na serikali za mitaa kwa ajili ya janga hili hili, na kila mji ukalazimika kuamua: nyumba za wasio na makazi, mabomba ya maji, au mishahara ya watumishi? Hata makhalifa wetu wawili walitofautiana. Sayyidna Abubakar aligawa mali ya umma kwa usawa. Alipoambiwa kwamba waliotangulia katika Uislamu wanastahili zaidi, aliona kwamba kutangulia kwao ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu, ama hii ni riziki ya kuishi, na katika riziki usawa ni bora. Sayyidna Umar alipokuja akapanga watu kwa daraja: waliotangulia wakapewa zaidi. Na inasimuliwa kwamba mwishoni mwa maisha yake alitamani kurudi kwenye usawa. Kama Umar alibadili fikra, sisi tusione aibu kukiri kwamba jambo hili ni gumu.

Lakini liko jambo moja ambalo hao wawili hawakutofautiana: kwamba kabla hujagawa, lazima uhesabu watu wote, hata usiowaona. Mwaka wa 18 Hijria Umar alikumbwa na mambo mawili kwa mpigo: njaa kali Uarabuni, ule Mwaka wa Ramada, na tauni ya Amwas kule Sham. Mabedui walimiminika Madina kutafuta chakula. Ibn Sa'd anasimulia kwamba Umar aliagiza wahesabiwe wanaokuja kula jioni. Wakapatikana watu 7,000. Wengi wetu tungeishia hapo, tuseme kazi imekwisha. Yeye akaagiza tena: wahesabiwe wale wasiokuja, wagonjwa, na watoto. Wakapatikana 40,000.

Ndugu zangu, ziangalieni hizo namba mbili. Waliofika kwenye sufuria, 7,000. Wasiofika, 40,000. Angegawa kwa methali yetu, angewalisha wachache na kuwaacha wengi, huku akiamini moyoni kwamba ametenda haki.

Kwa mtazamo huo, mimi nasema lile fungu la madarasa 3,000 ya shule shikizi lilikuwa na busara ndani yake. Kwa walio mjini ambao hawajui: shule shikizi ni ile wanayoianzisha wazazi wa kitongoji cha mbali, ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu au kuvuka mto wakati wa masika. Inashikizwa kwenye shule mama mpaka itakaposajiliwa. Kwenye karatasi za serikali mara nyingi haina hata jina lake. Aliyeikumbuka huko juu alimkumbuka asiyekuwepo. Bahati mbaya 3,000 hazikutosha kila kitongoji. Na sisi huku chini tulipopata nafasi ya kukumbuka, tulifanyaje? Hapa ndipo linapoingia langu.

*Mifuko tisa*

Mwaka ule 2021 nilichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi kwenye ujenzi wa madarasa ya shule moja. Shule sitaitaja, na wenzangu sitawataja, kwa sababu nakuja kusema habari zangu, si zao. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu: lori likifika tunahesabu saruji, nondo, bati, mbao, tunaandika kwenye leja, tunasaini. Wananchi walichimba msingi na kusomba mchanga. Akina mama walibeba maji kwa ndoo kutoka mbali. Desemba mvua zikaanza, na mnajua barabara ya kushuka safu ya Lyambalyamfipa ikinyesha inakuwaje. Kila mfuko uliofika bondeni ulikuwa umefika kwa jasho.

Madarasa yakaisha, mazuri tu. Stoo ikabaki na mifuko tisa ya saruji. Siku ya kufunga hesabu tukakaa wajumbe. Mtu akasema saruji ikikaa na unyevu huu itaganda, itaharibika bure. Mwingine akasema, kwa nini isisaidie nyumba za ibada? Ustadhi, pale kwenu pa kutawadhia bado ni tope. Na kigango nacho kina ukuta umepasuka. Basi msikiti uchukue mitano, kigango minne. Wote tukakubali. Kwa kweli nilijisikia vizuri. Waislamu na Wakristo tumegawana bila ugomvi, nani angeona ubaya hapo? Nikasema moyoni, huu ndio uadilifu.

Lakini leja haikuwa na mahali pa kuandika msikiti wala kigango. Ili mifuko itoke, ilibidi iandikwe kwamba yote imetumika kwenye sakafu ya madarasa. Ikaandikwa hivyo. Nikasaini.

Wakati tunatoka, alikuwepo mama mmoja mlangoni aliyefuata ndoo yake iliyosahauliwa tangu siku za kubeba maji. Akaiona mifuko inatolewa. Hakulalamika. Alisema tu, kama mtu anayejisemea, kwamba kule kwao kwenye shikizi watoto wanakaa chini kwenye vumbi na funza hawaishi miguuni. Saruji kama hii ingetosha chumba kimoja. Kisha akajitwisha ndoo yake akaenda.

Nilimsikia. Nikanyamaza. Mifuko mitano ikaja msikitini.

Ndugu zangu, ile sakafu ya kutawadhia tunayoisimamia kila siku ndiyo hiyo. Mmekuwa mkinishukuru kwa ajili yake, na mimi nimekuwa nikizipokea shukrani. Hilo ndilo lililonichoma jana usiku.

*Nyudhuru tatu*

Nimezipima nyudhuru zangu zote, nazo ni tatu. Nawaletea kwa sababu naamini kila mtu aliyewahi kushika mali ya wengi anazijua.

Ya kwanza: hela ya serikali haina mwenyewe. Huu ni uongo wa wazi. Mali yangu ina mwenyewe mmoja, mali ya umma ina wenyewe mamilioni. Nikikuibia wewe, nitakuja kukuomba radhi wewe. Nikiiba mali ya wote, nitamwomba radhi nani? Nizunguke kutoka Kigoma hadi Pemba? Na hela hizi zilikuwa mkopo. Mtakumbuka mjadala wa mikopo uliokuwa moto mwishoni mwa 2021, uliofika mpaka Spika wa Bunge kujiuzulu Januari 2022. Siingii huko, wala suala la riba katika mikopo ya nchi sitaligusa leo, nitalitafutia siku yake. Nasema neno moja tu: mkopo unalipwa. Na atakayeulipa ni pamoja na yule mtoto wa shikizi. Siku atakapokua na kununua sabuni au kiberiti, atakuwa anachangia kulipa saruji ambayo hakuiona.

Ya pili: ilikwenda kwenye jambo la kheri. Huu ndio mtego wa watu wa dini. Mnakumbuka kisa cha yule mtumishi aliyekuwa akimhudumia Mtume, ambaye alipigwa mshale baada ya vita vya Khaybar akafa. Watu wakampongeza kwa shahada. Mtume akawaambia kwamba kuna shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa, nayo inamuwakia moto. Shuka, ndugu zangu! Mtu mmoja aliposikia hivyo akakimbia kuleta kamba za viatu alizokuwa amechukua. Kama kumtumikia Mtume mwenyewe hakukuisafisha shuka, basi kupelekwa msikitini hakuisafishi saruji. Nyumba ya Mwenyezi Mungu si mahali pa kuhalalishia mali. Yeye ni mwema na hapokei ila kilicho chema.

Ya tatu ndiyo iliyonidanganya zaidi: tuligawana sawa. Mitano kwa minne, dini mbili, bila kelele. Lakini usawa kati ya nani na nani? Kati ya waliokuwa kwenye benchi ndani ya stoo. Majambazi nao hugawana sawa. Usawa wa waliomo chumbani unaweza kuwa ndio dhuluma yenyewe kwa aliye nje ya mlango. Mgao unapopita bila ubishi wowote, wakati mwingine ni kwa sababu mwenye kubisha hakuitwa.

Tuliposikia mwaka 2020 kashfa ya ununuzi wa vifaa vya korona pale KEMSA kwa jirani zetu Kenya, watu wakiitana "mabilionea wa korona", tulitikisa vichwa. Tuliposikia mwaka huo huo wabunge wa Uganda wametengewa milioni 20 kila mmoja kwa fedha yao, na suala likafika mahakamani, tulisema hao hawana hofu ya Mungu. Ni rahisi kuuona wizi wenye mabilioni. Mifuko tisa haitoki kwenye habari. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratu Aali Imran, aya ya 161, anatuonya kwamba mwenye kufanya hiana katika mali kama hiyo atakuja nayo Siku ya Kiyama. Hakutaja kiasi. Atakuja nayo, mtu na mzigo wake. Mimi nikawa najiona nimebeba mifuko tisa mbele ya yule mama na ndoo yake.

*Nilichofanya, na nisichoweza kufanya*

Mwaka 2023, baada ya kuuza mpunga, nilinunua mifuko tisa. Mitano tuliitumia sisi, lakini saini yangu ilibeba tisa. Ile minne ya majirani zetu siisemei. Hesabu yao ni yao. Nikaenda shuleni kwanza, kwa sababu mali ilitoka huko, nikaeleza bila kuficha. Tukakubaliana, safari hii kwa maandishi, saruji iende kwenye shikizi ya kitongoji kile. Ikaenda, na chumba kimoja kikawekwa sakafu.

Lakini mtoto aliyeanza la kwanza Januari 2022 alikuwa tayari yuko la pili. Zile siku alizokaa kwenye vumbi sina duka la kuzinunulia. Hiyo ndiyo tofauti ya deni la mali na deni la wakati. Ndiyo maana ya kuharakisha kurudisha amana.

Na liko deni la tatu: sikuwaambia ninyi. Nililipa kimya kimya, nikabaki na sifa. Leo nimewaambia. Najua maneno haya yanaweza kuniletea maswali, nami nitayajibu popote nitakapoitwa.

Najua swali linalokuja kwenye simu yangu muda si mrefu: Sheikh, swala zetu je, tulizotawadhia hapo? Kwa kauli ya wanachuoni wetu wa Kishafii, udhu na swala vinasihi. Dhambi ya kuichukua mali bila haki ni jambo lake peke yake, na iko juu ya aliyechukua akijua. Ninyi hamkujua. Msirudie swala. Mniombee mimi tu.

*Orodha ya leo usiku*

Sasa turudi kwenye mchele wetu na sukari. Nimezungumza na kamati asubuhi, na tumekubaliana mambo haya.

Orodha ya jana imewekwa kando. Leo tutaanza kuandika kutoka mbali kuja karibu: kwanza vibandani kwenye mpunga, kisha wagonjwa na wazee wasiotoka, kisha wajane, na sisi tunaokaa safu ya mbele msikitini tuwe wa mwisho kuandikwa. Vijana wawili wenye pikipiki wamejitolea kwenda mashambani kuhesabu. Mmoja ni yule yule aliyetoa methali jana, na ni yeye aliyeomba mwenyewe. Mwenyezi Mungu amlipe.

Hesabu itabandikwa ubaoni mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hasa kilichobaki. Nimejifunza kwamba mali ya watu haipotei sana siku inapokuja nyingi na kila mtu anaiangalia. Inapotea mwishoni, kazi ikiisha, watu wakichoka, kikibaki kidogo ambacho kila mtu anaona si kitu. Kikibaki kilo moja ya sukari, iandikwe kilo moja ya sukari.

Na hakuna mjumbe wa kamati, mimi nikiwa wa kwanza, atakayechukua zawadi kwa ajili ya kazi hii. Mnakumbuka yule mtu aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume alikasirika, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata huko. Kila mwenye cheo kidogo ajiulize swali hilo: bila kiti hiki, ningeletewa?

Zakatul fitri nayo inakaribia. Tutatumia orodha hiyo hiyo, kwa mpango huo huo.

Methali zetu ni hazina, na sijasema tuitupe hii. Asiyekuwepo na lake halipo: ni kweli, ndivyo dunia inavyoenda tukiiacha iende yenyewe. Uthman hakuwepo Badri, lakini lake lilikuwepo kwa sababu aliyekuwepo alimkumbuka. Sisi tuliopo ndio mdomo wa asiyekuwepo. Tukinyamaza kama nilivyonyamaza mimi pale mlangoni mwa stoo, methali inakuwa kweli kwa mikono yetu.

Ewe Mola wetu, tupe macho ya kumwona asiyefika. Tusamehe tulichokula tukidhani ni haki yetu, na tulichonyamazia tukijua si haki. Wape watoto wetu wa vitongojini sakafu, mwalimu na elimu yenye manufaa. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutoka katika miaka ile ya korona na baada yake. Tukubalie funga zetu na utufikishe Laylatul Qadri. Amin.

Mwenye familia anayoijua iko shambani na haijaandikwa, anitumie jina leo kabla ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.